Kichwa cha Chewa ni cha Mkubwa

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, na si kwamba nimelisahau. Ina sheria inayotaka jina lake litamkwe na mtu aliyesimama wima, kifua mbele, na magoti yangu hayawezi kusimama kila linapohitajika. Basi tuiite nchi. Ipo, na watu wake wapo, hao waliobaki.

Nchi hiyo ilikuwa na Mheshimiwa. Jina lake kamili lilikuwa Mheshimiwa Mlezi wa Bahari na Nchi Kavu na Vilivyomo Baina Yake, na watoto wa shule walilishika kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo kwa sababu imeandikwa kwa rangi ya kijani kwenye ukuta wa zahanati, na mimi niliyeishia darasa la nne ni nani nibishane na ukuta wa serikali.

Mbele ya mji wetu palikuwa na mwamba wa matumbawe. Bahari kuu ilikuja na hasira zake zote ikapasukia pale, na sisi ikatufikia imeshatulia. Samaki walizalia humo, watoto wao wakajificha humo. Maji yakitoka, wanawake tulishuka na vyuma vyetu tukachokoa pweza. Hakuna aliyeusifu mwamba ule, kama vile mtu asivyousifu uti wake wa mgongo mpaka siku umemuuma.

Siku moja Mheshimiwa akaja ufukweni kuhutubia. Hotuba ilikuwa juu ya utulivu. Alipofika penye maneno "chini ya uongozi wangu", wimbi likapasuka mwambani kwa kishindo, na watu hawakusikia ni chini ya uongozi wa nani. Akarudia. Wimbi nalo likarudia. Mara ya tatu akakunja karatasi yake, akaikata hotuba hapo hapo, akapanda gari.

Wiki ile ile mwamba ukashtakiwa kwa kosa la kukatiza hotuba. Ukapewa siku kumi na nne ujitetee kwa maandishi. Kwa kuwa haukuandika chochote, ikaonekana umekiri. Wakaja watu na baruti, wakaupiga siku arobaini, na vyombo vyetu kabatini vikawa vinacheza ngoma peke yao. Samaki wakaelea kwa maelfu, matumbo juu. Redio ikatangaza kwamba samaki wamejitokeza kwa wingi kuunga mkono.

Baada ya hapo wimbi halikupasuka tena kule mbali. Likaja kupasukia kwenye uwanja wa mpira.

*

Matumbawe yaliyovunjika yakafa. Kwanza yakawa meupe kama mifupa, halafu yakaota utando wa kahawia, wenye utelezi, kama ukoga wa meno ya mtu asiyepiga mswaki. Pono wakaula utando ule. Chewa wakawala pono. Sisi tukawala chewa.

Aliyetueleza mfululizo huo ni Nesi Asnati wa zahanati, mtu wa bara, mwembamba, anayesema taratibu kama anahesabu vidonge. Alitueleza baada ya hitima ya jirani yetu mmoja. Siku ile ulipikwa wali na chewa wa nazi, mkubwa, mnono, hana harufu mbaya hata kidogo. Watu kumi na mmoja walikula sinia lile. Kabla ya alasiri midomo ikaanza kuwachonyota. Miguu ikafa ganzi. Wakasema meno yao yanacheza, na ukiyatazama yamekaa imara. Bi Mwanakheri, mmoja wao, akapewa maji ya mtungini, akayatema.

"Nani kachemsha maji haya?" akauliza.

"Ya mtungi hayo, shoga."

"Ya mtungi yananibabua ulimi? Mnanifanyia mzaha na maradhi yangu?"

Kila kitu cha baridi kwao kilikuwa moto, na cha moto baridi. Wawili tuliwazika. Bi Mwanakheri hakuwemo, lakini mpaka leo anaoga maji ya moto ili apate ubaridi.

Katika wale kumi na mmoja alikuwemo mjukuu wangu Vuai. Mama yake alinifia mikononi akimzaa, nikamlea mwenyewe, na sasa ni mwanamume wa miaka thelathini, mpigambizi, na sina mwingine. Siku nne alilala zahanati. Nesi Asnati alimshika mkono kutafuta mapigo ya moyo, akayasubiri muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Bibi, sikiliza," akaniambia tulipokuwa tunatoka. "Sumu hii haina rangi, haina harufu, na kuipika hakuiondoi. Iko zaidi kichwani na kwenye ini. Na haitoki mwilini upesi. Huyu akila tena samaki mkubwa wa pale, hataumwa kama safari hii. Ataumwa zaidi. Moyo wake unaweza kusimama."

"Hata kipande?"

"Kipande sijui. Kichwa, usimwache."

Nesi akaandika ripoti. Serikali yetu haipuuzi ripoti. Ikaleta Tume ya Kuchunguza Midomo, watu watano na kasha la samaki wa kopo, maana walisema matumbo yao hayajazoea vitu vibichi. Wakakaa siku mbili wakitutazama midomo kwa tochi. Wakagundua kwamba midomo ya mji wetu inachonyota kwa sababu inasema sana. Nesi Asnati akapandishwa cheo, akapelekwa kuwa Nesi Mkuu wa jangwani, mahali pasipo na zahanati wala mgonjwa, ili apumzike.

*

Kwetu mtu akiwa na shaka na samaki humpa paka kipande cha ini, akangoja. Paka akila akaenda zake kulala juani, na sisi tunakula. Ndiyo mila, na haikuwa na ubaya mpaka paka walipoanza kuanguka. Halafu wakawa wananusa tu na kugeuza shingo.

Mwezi ule ikapigwa marufuku paka kugeuza shingo mbele ya samaki wa taifa. Wakaandikishwa. Paka wa Bi Mwanakheri, anaitwa Shombo, alihojiwa saa tatu na akakataa kutaja wenzake. Mwishowe wakakusanywa wote kwa magunia wakatiwa kwenye lori, na redio ikasema paka wamekwenda semina.

Lakini wageni kutoka ng'ambo, waliotaka kuchukua samaki wetu wote kwa miaka hamsini, walikuwa wameuliza: je, nani anathibitisha kwamba samaki ni salama? Serikali haikutaka kusema kwamba ni paka, na paka wenyewe hawapo. Ikaanzishwa Idara ya Uonjaji. Kila mji upate mwonjaji wake, aonje samaki asubuhi, asimame mbele ya watu mpaka adhuhuri, asipoanguka samaki wapigwe mhuri.

Kwa mji wetu wakamchagua Vuai. Barua ilisema ana uzoefu, kwa kuwa amewahi kula samaki anayedaiwa kuwa na sumu na akaishi.

"Kataa," nikamwambia.

"Bibi, barua ya serikali haikataliwi. Imeandikwa 'hongera' juu kabisa."

"Nesi alisema nini?"

"Nitaonja mkia tu. Samaki wadogo wadogo. Nagusisha ulimi, nasimama, napiga mhuri. Mimi najua bahari."

Wakampa koti jeupe lenye vifungo vya shaba, kiti chenye mto, na mhuri wa mviringo. Sitasema uongo, lilimkaa. Alirudi nyumbani akasimama mbele ya kioo, akageuka upande huu, akageuka upande ule.

"Nipige pasi tena hapa mgongoni, Bibi. Watu wananitazama kwa nyuma pia."

Miezi mitano akaonja mikia. Watu wakiona mhuri wa Vuai wakanunua, wakala, na wengine midomo ikawachonyota na wengine wakazikwa. Hawakumlaumu. Walisema Vuai alikula samaki yule yule na amesimama, basi kilichowaua ni kingine. Naye akawa anapungua. Alianza kushika chai ya moto kwa viganja viwili kama mtu anayeshika barafu. Alipokuwa anatafuna aliyashikilia meno kwa kidole, asijue anafanya hivyo. Nilimtazama, nikapakua, nikanyamaza, nikingoja barua ya pili isije.

Ikaja. Kutakuwa na Siku Kuu ya Samaki. Mheshimiwa atakuwepo, wageni wa ng'ambo watakuwepo. Atavuliwa chewa mkubwa kuliko wote waliobaki, na Mwonjaji Vuai atakula kichwa chake chote, hadharani, pamoja na ini.

*

Nikaenda Idarani. Mkurugenzi wa Uonjaji, Bwana Tindwa, alikuwa mtu mpana mwenye sauti ya kutangazia msiba. Juu ya meza yake palikuwa na kopo la samaki wa ng'ambo lililofunguliwa nusu, na alikuwa anachovya mkate humo.

"Karibu, mama yangu. Sema shida yako, usiogope. Mlango huu hauna kufuli."

"Shikamoo, Bwana Mkurugenzi."

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka thelathini, lakini nilimwamkia kwa sababu ya kiti. Akaitikia marahaba bila kusita.

"Nimekuja kumwombea mjukuu wangu aachishwe kazi. Vuai, mwonjaji."

"Ana nini?"

"Hajiwezi."

"Hajiwezi vipi? Anaumwa?"

Nikaona amenitega. Kusema samaki kamuumiza mtu ilikuwa kosa, na nyuma yake palikuwa na karani ameshainua kalamu.

"Amechoka," nikasema.

"Amechoka kusimama au amechoka kula?"

"Vyote, baba."

"Mama, nikueleze kitaalamu." Akafuta mafuta kidevuni. "Nchi hii ina wananchi wangapi wanaolala njaa? Wengi. Sasa huyu anaambiwa ale chewa wa kilo sitini, bure, mbele ya Mheshimiwa, na picha anapigwa. Halafu bibi yake anakuja hapa analia kachoka. Wewe huoni aibu?"

"Naona, baba. Lakini nina huyo mmoja."

"Ipo fomu," akasema, akalainika kidogo. "Utaratibu upo, sisi si wanyama. Mwonjaji anayetaka kupumzika adhaminiwe na waonjaji watatu wa miji jirani. Waweke saini tu."

"Nitawapata wapi?"

Akamgeukia karani. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole, akafunga.

"Wamehamishwa," akasema.

"Wote watatu?"

"Wote. Uhamisho wa kudumu. Wapo nyuma ya msikiti wa Ijumaa, wa kwanza na wa pili wamepangana, wa tatu pembeni kidogo kwa sababu eneo limejaa."

Bwana Tindwa akasikitika kwa muda wa kumeza tonge. Kisha akaniuliza, "Na wewe ndiye yule anayepika chewa wa nazi mpaka watu wanasahau majina yao?"

"Watu husema."

"Basi siku hiyo utapika wewe. Uone tunavyojali familia."

*

Chewa mwenyewe nilimkuta amelazwa juu ya mlango, kwa sababu hapakuwa na sinia la kumtosha. Askari wanne walimlinda mpaka nilipomkata, wakamlinda vipande vipande, wakalilinda na sufuria. Sikuweza kubadilisha kitu. Nikapika vizuri, maana sijui kupika vibaya, na machozi yaliponitoka nikasema ni moshi.

Jukwaa lilijengwa ufukweni. Meza ndefu, kitambaa cheupe, Mheshimiwa katikati, mawaziri kulia na kushoto, Bwana Tindwa mwishoni, wageni wa ng'ambo upande wao. Kila mmoja alikuwa na sahani yake ya chewa mbele yake kwa ajili ya picha, na chini ya meza kila mmoja alikuwa na kopo lake. Vuai alisimama kando na koti lake jeupe, jasho likimtiririka. Kichwa nilikibeba mimi kwa mikono miwili, juu ya sinia la shaba.

Sasa niseme jinsi tulivyo. Kwetu kichwa cha samaki huwekwa mbele ya mkubwa wa sinia. Hata mtu awe na njaa ya siku tatu, hakigusi kama mkubwa yupo. Na mkubwa akishawekewa, hakuna anayenawa mikono wala kuinuka kabla yake. Mtoto wa miaka mitatu anajua hilo. Usiku na mchana nilikuwa nikiwaza nitamwokoaje Vuai, na kumbe jambo lilikuwa humo humo kwenye sinia nililobeba.

Nikampita Vuai. Nikaenda moja kwa moja katikati ya meza, nikaweka kichwa mbele ya Mheshimiwa.

"Bibi umepotea," Bwana Tindwa akasema. "Mwonjaji yuko huku."

Nikasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali: "Sikupotea. Kichwa ni cha mkubwa. Mjukuu wangu nimemlea na adabu, hawezi kula kichwa mbele ya Mheshimiwa. Akila, watu watasema yeye ndiye mkubwa hapa."

Umati ukanguruma kwa kuridhika. Wengine wakapiga makofi. Wageni wa ng'ambo wakatafsiriwa, wakapendezwa na mila zetu, wakainua kamera wakazielekeza kwa Mheshimiwa. Mheshimiwa akakitazama kichwa, na kichwa kikamtazama, jicho jeupe limevimba kwa kupikwa. Kwa mara ya kwanza nikajua kwamba yeye anajua. Alikuwa anajua siku zote.

Akamwita Bwana Tindwa. Akamwita na mwanasheria. Wakanong'onezana mpaka mchuzi ukashika ukoko. Mwishowe mwanasheria akasimama na karatasi ambayo wino wake haujakauka, akasoma: kwa kuthamini mila za wananchi, na kwa unyenyekevu aliozaliwa nao, Mheshimiwa anakabidhi ukuu wa nchi, jeshi lake na mihuri yake yote kwa Ndugu Vuai, kwa muda wote wa mlo huu mpaka utakapokwisha, ili Ndugu Vuai awe mkubwa na kichwa kiwe chake.

Watu wakashangilia sana. Wakamvika Vuai mkanda wa dhahabu juu ya koti la uonjaji, wakamketisha katikati. Mheshimiwa akasogea kiti kimoja, akavuta pumzi.

Mimi nilikuwa bado nimesimama nyuma na kawa mkononi. Nikainama kana kwamba nampangia kitambaa.

"Usile," nikamwambia sikioni. "Wala usiinuke. Mkubwa hafanyiwi haraka."

*

Vuai akakaa. Saa ikapita. Mheshimiwa akasema kwa upole, "Kula, kijana, kinapoa."

"Nasubiri kipoe," Vuai akajibu.

Saa ya pili wageni wa ng'ambo, ambao hawana mila, wakainuka wakaenda zao, wakisema watatuma barua. Mheshimiwa naye akajaribu kuinuka. Umati ukaguna. Sajini wa ulinzi akasogea, akasimama mbele ya Vuai, akapiga saluti, kwa sababu kiapo chake kilisema ni kwa Mkuu wa Nchi na hakikusema yupi.

"Mheshimiwa wa Mlo, huyu anataka kuinuka kabla yako. Nimfanyeje?"

Vuai akanitazama mimi, akamtazama sajini.

"Mketishe," akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo. Lakini mimi niliyemlea niliona jinsi neno lile lilivyomkaa mdomoni, akalifumbia midomo kidogo kabla hajameza mate.

Makopo chini ya meza yaliisha siku ya kwanza. Siku ya pili mawaziri wakaanza kuzitazama sahani zao. Jua lilikuwa kali na chewa wa nazi, hata akilala, ana harufu yake. Waziri wa kwanza alionja kidogo tu. Wa pili akasema kama mwenzake kaonja na yeye ana haki. Ilipofika alasiri Mheshimiwa mwenyewe alikuwa anakula kwa mikono miwili huku analia, na Bwana Tindwa aliramba mpaka mfupa. Hakuna aliyewalazimisha. Chakula kilikuwa mbele yao, na kilikuwa na mhuri, uliopigwa mapema kwa ajili ya picha.

Sitaeleza siku ya tatu. Nitasema tu kwamba redio ilitangaza Mheshimiwa wa Zamani amepumzika baada ya utumishi mrefu, pamoja na mawaziri saba na mkurugenzi mmoja, na kwamba chanzo ni uchovu wa utulivu. Tangazo lile liliandikwa na kusainiwa. Nikauliza nani kasaini.

"Mimi," Vuai akasema. "Bibi, lazima mtu asaini. Nchi haiwezi kukaa bila saini."

*

Mlo ule haujaisha. Siku ya kumi wakaweka turubai juu ya meza kumkinga na jua, mwezi wa pili wakajenga kuta, sasa kuna zulia na feni nne. Mbele yake kipo kichwa cha chewa. Kila Ijumaa kinaletwa kipya na cha zamani kinazikwa kwa heshima, kwa sababu bila kichwa ambacho hakijaliwa hakuna mlo, na bila mlo yeye si mkubwa. Wanasheria wamelithibitisha hilo kwa kurasa tisini.

Mwanzoni nilifurahi. Siwezi kukana. Mjukuu wangu yu hai, ana rangi usoni, vidole vyake vimeacha kushikilia meno. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi, nikijua ana mengi, kisha nikamwendea.

"Vuai, baba. Sasa wewe ndiye mwenye neno. Waambie watu wasile samaki wa mwamba. Sema tu, wanakusikiliza. Na Nesi Asnati arudi, aje aseme aliyoyasema."

Alikuwa anasoma karatasi. Hakuinua macho.

"Bibi, jambo hilo linahitaji tume."

"Tume ya nini? Wewe si ulilala zahanati siku nne? Tume ni mwili wako."

"Punguza sauti."

"Mtaa wa nyuma wamezikwa wanne wiki hii. Mmoja alikuwa na mimba."

Akaweka karatasi chini. Nilidhani atalia, maana alikuwa na uso ule ule wa utotoni, uso wa mtu aliyevunja kitu na anataka umuulize ili aseme.

"Samaki wale wote wana mhuri, Bibi," akasema. "Mhuri ni wa nani?"

Nikautazama mhuri wa mviringo juu ya meza yake.

"Nikisema leo wana sumu, watu watarudi kuhesabu tangu siku ya kwanza. Watahesabu waliowazika. Kisha watakuja hapa. Unataka waje hapa?"

"Sitaki," nikasema, na ilikuwa kweli, na ndiyo aibu yangu.

"Basi nenda kapumzike. Sisi tunalifanyia kazi."

Nikatazama huku na huku nione hao sisi. Palikuwa na yeye, mimi, askari wawili mlangoni, na kichwa cha chewa.

Toka siku hiyo chakula chake napika mimi, kwa amri, maana haamini mpishi mwingine. Hali samaki. Anakula uji, viazi, mayai. Jana asubuhi nilimpelekea uji wa mtama, nimeukoroga mwenyewe, nimeufunika na kisahani. Nikauweka mbele yake. Nikampa kijiko. Akakishika, akakizungusha, akakirudisha mezani, akakisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Bibi," akasema, "onja kwanza."

Mtoto huyu nilimlisha uji kabla hajaota meno. Kila kijiko kilipita mdomoni mwangu kwanza, nisije nikamuunguza, na hakuna aliyeniagiza. Nikamtazama nione kama anatania. Askari wa mlangoni wakageuza nyuso zao kwangu. Nikachota, nikanywa, nikameza.

Akaitazama saa ya ukutani.

"Simama hapo pembeni," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa kiti. "Mpaka adhuhuri."

Nikasimama na magoti yangu. Uji ukashika ngozi juu. Tukakaa hivyo, mjukuu wangu na mimi, tukisubiri tuone kama nitakufa.